Mshahara wa startapu unatoka mfuko wa nani?

Mei 2024, Copia Global ya Kenya, iliyowauzia wanavijiji bidhaa kupitia mawakala, iliwapa wafanyakazi zaidi ya 1,000 ilani kwamba huenda wakapunguzwa. Siku chache baadaye ikawekwa chini ya wasimamizi wa kampuni zilizolemewa na madeni, ingawa ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji. Kijana akisema amepata kazi kwenye startapu, yaani kampuni changa inayokua kwa fedha za wawekezaji, si ajabu wazazi kumuuliza mbona hatafuti kampuni ya maana.

Wazazi wana hoja, ila wamesahau supamaketi za Nakumatt, zilizokuwa na matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda kabla ya kampuni hiyo kuporomoka. Mwaka 2019, East African Portland Cement, kampuni ya tangu 1933, iliwatangazia wafanyakazi wake wote kwamba nafasi zao zimefutwa. Anayetaka kubaki aombe upya, kwa mshahara mdogo.

Kwa hiyo mimi siulizi kampuni ina miaka mingapi. Nauliza mshahara unalipwa na mteja au na mwekezaji. M-KOPA, startapu ya 2011 inayouza vifaa kama simu na sola kwa mkopo, hukusanya malipo madogo madogo ya wateja kupitia simu. Copia nayo iliuza, lakini mtaji mpya ulipokosekana, mauzo hayakuweza kuibeba.

Upande wa sheria ndio unaosahaulika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inampa anayepunguzwa notisi ya mwezi 1 na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Ukipunguzwa mwezi wa 11, siku hizo 15 huna. Kinga hiyo humfaa aliyekaa sana, na startapu nyingi hazidumu hivyo. Tena wengine huandikiwa mkataba wa "mshauri", usiowahesabu kuwa waajiriwa, na kukaa ofisini kutwa nzima kama mwajiriwa yeyote. Soma mkataba huo kabla ya kutia sahihi. Ukishaanza kazi, usitosheke na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwenye hati ya mshahara. Hakikisha kwenye akaunti yako kwamba yamefika.

Faida ipo: ndani ya mwaka mmoja unaweza kukabidhiwa wateja, bajeti na timu, mambo ambayo benki kubwa ingekusubirisha miaka. Asiye na wategemezi aende tu. Mwenye karo ya kulipa Januari adai kwanza notisi ya miezi 3 kwenye mkataba, halafu ndipo wazungumzie hisa za kampuni anazoahidiwa, ambazo kwa kawaida hukomaa, yaani huwa zako kidogo kidogo, kwa miaka 4 na hazikupi chochote ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha.