Nyumba Iliyokuwa Kichwani mwa Mama

Mama alikwenda Malindi harusini kwa siku tano tu, na nyumba yetu ya Likoni ikazimika. Usiku wa pili, saa nne, tokeni za umeme ziliisha. Namba ya mita hakuna aliyeijua, na mita yenyewe iko nje ukutani. Nikatoka na kibiriti kusoma zile tarakimu 11, upepo wa kaskazi ukinizimia njiti moja baada ya nyingine. Tokeni nikanunua, ikaja na tarakimu zake 20. Nikakosea kuziingiza mara mbili, kisha simu ikafa chaji. Tukalala bila feni, na anayeijua Mombasa ya mwezi wa pili ataelewa kwamba "tukalala" hapo nimesema kwa heshima tu.

Kesho yake ikawa zamu ya maji. Bomba letu hutoka linapopenda, kwa hiyo twanunua madumu ya lita 20 kwa kijana wa mkokoteni. Namba yake iko kwenye simu ya Mama. Bei aliyopatana naye, na deni la wiki iliyopita, vyote viko kichwani mwa Mama.

Miaka yote hiyo tulijiona watu wenye utaratibu, kumbe utaratibu wenyewe ni mwanamke mmoja asiyesahau. Kwangu mimi hilo ndilo jambo. Wanaotufundisha kupanga maisha husema habari ya kuamka mapema na kuandika malengo. Kuamka tunaamka, adhana haituachi. Swali langu ni jingine: nyumbani kwako, ni nani anayekumbuka kwa niaba ya wote? Na akisafiri je? Akiugua?

Kwa ujuaji wangu nilianza na simu. Nikapakua programu ya vikumbusho, nikaweka kengele 14. Kikao cha chama cha saa nane mchana nikakiandika 8:00, simu ikanipigia kelele asubuhi nikiwa katikati ya feri, na mchana ikanyamaza kimya. Ramadhani ilipoingia saa zote za nyumba zikageuka, kengele zikawa zinalia ovyo, nikazifuta. Tena zilikuwa kwenye simu yangu peke yangu: mzigo nilikuwa nimeutoa kichwa kimoja nikautia mfuko mmoja.

Kinachofanya kazi sasa ni mlango. Nyuma ya mlango wa jikoni nimeandika kwa kalamu nene namba ya mita na namba ya kijana wa maji. Kila Ijumaa baada ya swala tunanunua tokeni, hata kama zilizopo hazijaisha. Hilo la "hata kama" ndilo lililonigharimu ubishi mrefu na kaka yangu, anayeona ni kuweka pesa ndani ya ukuta. Nikamwambia akanunue kibiriti.

Madumu nayo yanajisemea. Likiisha maji, linapinduliwa kichwa chini kando ya mlango. Yakifika matatu, yeyote atakayepita anapiga simu, hata mtoto wa darasa la nne. Baadaye nilisoma kwamba viwanda vya Toyota kule Japani vina mtindo wa namna hiyo, waita kanban: kadi ndiyo inayoonyesha kipuri gani kimetumika, kiletwe kingine, bila mtu kungoja kuamrishwa. Nikajiona mhandisi kwa dakika kama tano.

Funguo zina msumari wake. Zaidi ya hapo sijaongeza kitu, na siongezi. Nikiandika mambo kumi mlangoni, hata hayo mawili hayatasomwa.

Mama alipoyaona haya mara ya kwanza alisimama jikoni, akatazama mlango, akatazama madumu yaliyopinduliwa.

"Mwanangu, hii nyumba au bandari?"

Hakufuta, lakini pesa za maji bado anazifunga kwenye pembe ya leso, na pesa za sokoni pembe nyingine, kama alivyofanya bibi. Nilitaka kumwambia aandike. Nikatazama lile fundo, halijawahi kuisha chaji, nikanyamaza.

Mwezi uliopita alikwenda Lamu, siku tisa. Alipiga simu mara moja, kuuliza kama kijana wa mkokoteni amelipwa. Alishalipwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani aliyemlipa.

"Yule mdogo," nikamwambia.