Kununua Kamera ni Kununua Mdomo

Hebu niambieni, kosa la mtu ni lipi akitaka kamera tu? Kamera, si shahada ya uhandisi. Anataka mirolesi ya fulufremu, yaani ile isiyo na kioo cha kuakisi ndani na yenye sensa, kile kibati kinachonasa picha, ya milimita 36 kwa 24. Basi. Lakini thubutu kuuliza ununue ipi! Utamwagiwa vita vya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi: hii ina megapikseli 45, ile inapiga fremu 20 kwa sekunde, nyingine kidirisha chake cha kuchungulia kina nukta milioni 9.44, kana kwamba kuna mtu atakaa azihesabu. Watu wazima na akili zao wanatoleana macho kwa ajili ya bodi ambayo miaka michache tu itakuwa imepitwa. Na kile kitakachokufunga miguu miaka yote hiyo hakuna anayekitaja. Mdomo.

Mdomo, au maunti kama wanavyouita wenyewe, ni ile pete ya chuma ya mbele ambapo lenzi inakaa. Kila ukoo una wake na haupokei mgeni. Sony ana E: kipenyo milimita 46.1, na kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa milimita 18. Mwaka 2018 Canon akaja na RF, 54 kwa 20. Mwaka huohuo Nikon naye akaja na Z, 55 kwa 16. Mwaka huohuo tena Leica, Panasonic na Sigma wakatangaza kushirikiana kwenye L, 51.6 kwa 20. Hao watatu wa mwisho wamepimana mwaka mmoja, na hakutokea mwenye busara wa kusema jamani tutoboe tundu moja. Hata chaja za simu zimeshapatana!

Haya, umechagua mdomo. Unadhani yamekwisha? Sasa njoo kwenye herufi, maana hapa ndipo pesa za watu zinapolala.

Kwa Sony, lenzi iliyoandikwa E na iliyoandikwa FE zinaingia mdomo uleule, zinajifunga kwa mlio uleule, hazionyeshi dalili yoyote ya ubaya. Kumbe FE ndiyo ya fulufremu, na E tupu ni ya sensa ndogo ya APS-C. Canon wanakuchezea kwa RF na RF-S. Nikon, Z na Z DX. Sigma wana DG ya fulufremu, DC ya sensa ndogo, na DN maana yake imesanifiwa kwa mirolesi. Kwa hiyo DG DN ndiyo yako, DC DN si yako, na DG HSM ni ya enzi za kamera za kioo. Tamron ndio wakatili zaidi: Di III ni ya fulufremu, Di III-A si yenyewe. Kistari kimoja na herufi moja, umeshaumia. Halafu Panasonic: Lumix S ni mdomo wa L, fulufremu safi. Lumix G ni Micro Four Thirds, mdomo mwingine kabisa, hauingii hata uupigie magoti. Maboksi yote mawili yameandikwa Lumix kwa herufi kubwa.

Na ukikosea je? Kamera hailalamiki. Inakata tu kimyakimya kipande cha katikati cha sensa na kukupa hicho. Bodi ya megapikseli 24 inabaki na kama 10. Ya 45 inabaki na 17 hadi 19 na ushei, kutegemea kampuni. Ya 61 inabaki na 26, na mwenye nayo bado ana kiburi. Bodi nyingine zinakuruhusu kuzuia huo mkato, lakini zuia uone: pembe zote nne giza, kama unachungulia kwenye bomba. Umelipia fulufremu, umepata duara.

Sasa wanakuja washauri. «Nunua bodi, lenzi utatafuta za kampuni nyingine za bei nafuu.» Zipi, na mdomo upi? Kwa Sony, sawa, Sigma na Tamron wamejaa tele. Lakini bodi za kasi, ukoo wa A9 na A1, ukizivalisha lenzi isiyo ya Sony zinagota kwenye fremu 15 kwa sekunde. Umelipia 30, umepewa 15, na hakuna wa kumshtaki. Kwa Canon, tangazo la Sigma na Tamron kuruhusiwa kwenye RF lilipotoka 2024 watu walishangilia, wakaja kusoma vizuri: lenzi zenyewe za APS-C. Rudi aya iliyopita, kamera inakata. Ndiyo maana anayeanza bila lenzi hata moja namwambia achague lenzi mbili anazozihitaji kwanza, aangalie zipo mdomo gani, kwa uzito gani, halafu ndipo aitafute bodi. Hawasikii. Wanaanza na bodi, kisha wanazunguka na lenzi ya kwenye boksi miaka miwili.

Kuhusu uzito, naomba nisianze. Au acha nianze. Si tuliambiwa kioo kikitoka kamera itakuwa nyepesi? Kioo kimetoka. Sony A7 IV na betri yake ni gramu 658. Ivalishe lenzi ya 24-70 f/2.8 GM II (milimita 24 hadi 70 ndiyo kuona kwake, kutoka pana hadi karibu, na f/2.8 ni ukubwa wa tundu la mwanga), ambayo inasifiwa kwa wepesi wake: gramu 695. Lenzi nzito kuliko kamera! Ya Nikon Z ya namna hiyohiyo, toleo la kwanza, ni 805, ya Canon RF ni 900. Na Canon wana 28-70 f/2 ya gramu 1,430, filta yake milimita 95, kitu cha kubebwa na watu wawili na mashahidi. Sababu si siri: walichotoa ni kioo, sensa imebaki na upana uleule, na lenzi bado inatakiwa kuujaza upana huo kwa mwanga. Wepesi unaupata ukikubali kupungukiwa. Nikon Z 24-120 f/4 ni gramu 630. Sigma 28-70 f/2.8 ni 470 tu, ila inaanzia 28, na zile milimita nne za chini utazikumbuka siku mgongo wako uko ukutani na watu wa pembeni bado hawajaingia kwenye fremu.

Wenye lenzi za zamani nao wana yao. Wanaambiwa nunueni adapta, mambo shwari. Ni kweli nusu. Lenzi ya Canon EF, mdomo wao wa enzi za kioo, ilizoea kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa. RF ni 20. Adapta inajaza 24 za katikati. Ni bomba tupu lenye nyaya, halina kioo cha lenzi hata kimoja, kwa hiyo halichafui picha, na fokasi, yaani kulenga picha iwe kali, inaenda vizuri tu. Hapo sina neno, na mnajua mimi neno sikosi. Kwa Nikon, kabla hujafurahia ile adapta yao ya FTZ, geuza lenzi utazame pete yake ya nyuma. Ukiona kitundu chenye kichwa kama cha skrubu ya bisibisi bapa, hiyo ni AF au AF-D: ilikuwa inazungushwa na mota iliyo ndani ya bodi. FTZ haina mota hiyo. Lenzi itapima mwanga, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha mwenyewe kwa mkono. Lenzi za AF-S hazina tabu, zina mota zao ndani.

Kuna wajanja wa kuvalisha lenzi za Sony kwenye Nikon Z. Inawezekana, kwa sababu 18 kutoa 16 ni 2. Adapta ya milimita mbili! Nyembamba hivyo, na ndani yake kuna saketi. Inafanya kazi hadi siku unapoisasisha kamera kwa programu mpya, adapta inanuna, na unasubiri nayo isasishwe. Kurudi upande wa pili, lenzi ya Z kwenye Sony, sahau: ungelazimika kuizamisha lenzi milimita mbili ndani ya kamera ili ione mbali.

Kadi za kuhifadhia picha nitapita haraka kabla sijakasirika. Sony wanataka CFexpress aina ya A, wengine aina ya B, hazibadilishani. Tundu la A kwa bodi nyingi za Sony linapokea na SD. La B halipokei. Na A7R V ukiiacha ihifadhi faili ghafi bila kubana, picha moja ni karibu MB 120. Moja. Kadi ya GB 64 inashiba kwa picha mia tano na kidogo, na kompyuta yako inaanza kukohoa.

Halafu shata, yaani kile kinachopima muda wa mwanga kuingia kwenye sensa. Nasema ile ya kimyakimya, ya kielektroniki, ambayo kila mtu anaitaka harusini. Bodi nyingi za kawaida zinaisoma sensa mstari kwa mstari, juu hadi chini, polepole. Fimbo inayopungwa inapinda kama mkia. Chini ya taa za LED picha inatoka na michirizi kama pundamilia. Rudisha shata ya mitambo. Ikibidi ya kimya, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde mahali umeme ni hezi 50, au 1/60 na 1/120 ukiwa wa hezi 60. Haiponyi kila taa, lakini inapunguza aibu.

Na anayenunua lenzi iliyotumika asiangalie tu ngozi ya nje. Fungua tundu la mwanga lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele. Vumbi chache si kesi. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, hiyo irudishe ilikotoka. Kisha simama sawasawa mbele ya ukuta wa matofali, tundu wazi kabisa, piga. Kuza pembe zote nne. Pembe zote zikiwa laini kidogo kwa usawa, ndivyo lenzi ilivyo. Moja ikiwa imefifia na tatu ni kali, kuna kioo cha lenzi kimehama ndani, na bei yoyote uliyotajiwa ni kubwa.

Kubwa kuliko yote, na hili nalisema kwa uchungu: hata namna ya kuvalisha hawakukubaliana. Canon na Sony, ukiitazama kamera kwa mbele, unafunga lenzi kwa kufuata mshale wa saa, kama kizibo cha mtu mstaarabu. Nikon ni kinyume. Aliyehama anashika lenzi, nukta kwa nukta, anakaza kulia, haiendi. Anakaza zaidi. Usikaze, utaumiza kipini cha kufungia! Geuza kushoto. Ndiyo, hukohuko unakofungulia.