Tyuni Gitaa Kabla ya Kukanyaga Pedali

Msimu wa korosho ukifunguka, harusi zinafuatana Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Mtwara mjini, na wapiga gitaa hawapumziki. Mimi nalipenda gitaa la umeme kuliko ala nyingine yoyote, kwa hiyo husogea karibu na jukwaa nisikilize. Ninachokisikia mara nyingi kinaniuma. Vijana wana vidole vyepesi, wana pedali za kutosha, lakini nyuzi hazijapatana.

Wapo wanaoamini kwamba ifekti, yaani ule ubadilishaji wa sauti unaofanywa na pedali, itafunika kasoro hiyo. Haifuniki, inaianika. Chukua nyuzi mbili zinazotakiwa kutoa noti moja: mmoja unatikisika mara 110 kwa sekunde, mwingine mara 112. Sikio litasikia noti moja inayovimba na kunywea mara mbili kila sekunde. Gitaa likiwa safi, bila pedali, mawimbi hayo yanavumilika. Sasa kanyaga distoshoni. Kazi yake ni kukata vilele vya mawimbi ya sauti, na katika kukata huko huzaa sauti ambazo hukuzipiga, zikiwemo jumla na tofauti ya mitikisiko ya zile noti ulizopiga. Nyuzi zikipatana, sauti hizo huangukia mahali pake na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inajaa. Zikiachana kidogo tu, huangukia popote, na spika inatoa ngurumo isiyo na noti.

Ndiyo maana wapiga roki hupenda kodi ya noti mbili, ya kwanza na ya tano. Hatua moja ya freti, vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa, ina senti 100; senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti. Kwa namna gitaa na kinanda vinavyogawa noti zake 12, noti ya tano hupungua senti 2 tu kutoka ilipopaswa kuwa, lakini ya tatu ya kodi ya meja huzidi kwa karibu senti 14. Yaani hata gitaa lililotyuniwa vizuri lina ukwaruzo wake chini ya distoshoni. Ukiongeza uzembe wako juu yake, imeharibika kabisa. Ifekti ya korasi nayo huchukua sauti yako, huichelewesha kwa milisekunde chache zinazobadilikabadilika, kisha huirudisha ichanganyike na ile halisi. Ule utamu wake ni upotofu uliopimwa, na hauna maana kama ulipoanzia tayari umepotoka.

Pwani yetu ina matatizo yake. Hewa ya chumvi na jasho la mikono hula nyuzi za chuma, na uzi wenye kutu hauna tena uzito ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, basi hautyuniki kwa uhakika kwenye freti za juu. Ufute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Joto nalo hulegeza uzi na noti hushuka. Ukipanda Newala usiku, baridi ya uwandani inaukaza na noti hupanda. Ukitoka na gitaa mjini limetyuniwa, ukifika huko tyuni upya.

Ukizidisha, usirudi nyuma ukaishia hapo. Legeza mpaka chini ya noti, halafu panda nayo taratibu, ili uzi usije ukateleza katikati ya wimbo. Ukimaliza zote sita, anza tena na ule mnene, kwa sababu mkazo wa nyuzi za baadaye unavuta shingo na kuubadilisha uzi wa kwanza. Kisha bonyeza freti ya 12: kama noti yake imepanda kuliko inavyotakiwa, kidaraja kidogo kinachobeba uzi huo kirudishwe nyuma, mbali na shingo.

Dansi letu lilijengwa juu ya magitaa yanayojibizana, solo na ridhimu juu ya besi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alipiga solo ambayo unaweza kuihesabu noti moja moja. Muziki wa namna hiyo hauna pa kujificha, na kwangu ndio shule bora kwa kijana kabla hajanunua pedali ya pili.

Dilei, ifekti inayorudia sauti baada ya muda mfupi, naikubali ikiwekwa kwa hesabu: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata milisekunde. Mapigo 120 ni milisekunde 500. Rivabu, ifekti ya mwangwi wa ukumbi, kwa kanisa lenye bati na sakafu ya saruji, izimwe. Jengo limeshaitoa bure.

Walimu wa kwaya, nawaomba: kabla ya ibada wapeni wapiga gitaa dakika tano za ukimya. Kinanda kikaguliwe kwanza kama kimewekwa 440, yaani noti yake ya A itikisike mara 440 kwa sekunde, maana baadhi vimechezewa. Besi ityuni kwa kinanda, ridhimu ifuate, solo imalizie, mmoja mmoja, wengine mikono ikiwa juu ya nyuzi.