KiCad na matoleo ya kila mwaka: raha kwa nani?

Juzi kijana wa chuo alinijia dukani hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na flashi yake, ataka nimwangalizie bodi ya kuwasha pampu ya maji kabla hajaipeleka kutengenezwa. Kumbe faili ameichorea KiCad, ile programu ya bure ya kuchorea bodi za saketi, toleo la 9, na mashine yangu mie iko na la 7, faili ikakataa kufunguka, yasema tu imesevuliwa na toleo jipya zaidi. Basi tukabaki twaangaliana. Ikabidi avuke feri arudi kwao Likoni akatoe PDF, na alipoileta ndio nikaona kosa lake, njia ya umeme wa kwenda rilei, ile swichi ya kuwashwa kwa umeme, ameichora nyembamba kama unywele.

Sasa hawa jamaa wa KiCad tangu 7 ya Februari 2023 kila mwaka watoa toleo kubwa, 8 ikaja 2024, 9 ikaja Februari 2025, na ukishasevu kwa jipya la zamani halifungui tena. Kwa mwenye intaneti ya kudumu si neno. Kwa sie tunaogawana laptopu na bando la kupimapima ni maudhi.

Lakini tusiwaonee. Hiyo 9 imeleta kitu mie nilikitamani miaka, kwenye bodi ya rilei nane wachora chaneli moja, yaani saketi ya rilei moja, ukaipanga vizuri na zile saba zilizobaki zajipanga kwa mfano wake, kazi niliyokuwa nikiifanya kwa mkono mpaka saa nane za usiku macho yamekuwa mekundu. Na kwenye mipango ya 10 kulikuwa na kuweka aina kadhaa za bodi ndani ya mradi mmoja, tuseme ya volti 12 na ya volti 24. Saa hii nina mafaili mawili, nasahihisha moja nasahau jingine, nishawahi kuuza bodi yenye kosa nililolirekebisha mwezi uliopita, aibu tupu.

Plagini, vile viprogramu vya kuiongezea KiCad kazi, nazo ni kesi nyingine. Njia ya zamani ya kuziunganisha kwa lugha ya Python wamesema itaondolewa, manake plagini yaendeshwa ndani ya programu yenyewe, ikianguka yaangusha kila kitu na kazi yako ambayo hujasevu. Njia mpya yaongea na KiCad kutoka nje. Sawa kabisa, ila plagini nyingi ziliandikwa na mtu mmoja kwa hisani yake, nani atakaa aziandike upya?

Wapo wasemao ubaki na la zamani basi. Hiyo yafaa ukifanya kazi peke yako. Na wanaoilalamikia KiCad wakumbuke EAGLE, programu nyingine ya kuchorea bodi, toleo lake la bure lilikuwa na mpaka wa leya 2 za shaba na sentimita mraba 80, na mwaka 2023 wenyewe, kampuni ya Autodesk, wakatangaza kwamba EAGLE yote mwisho wake ni Juni 2026. KiCad ilianzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na bila CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, kuja kuongeza vitu kama ile kuchora njia ikisukuma zenzake pembeni, nani angehamia huku?

Mie ningeomba kusevu kwa toleo la nyuma. Halafu nikifikiri naona ugumu wake, zile aina mbili za bodi toleo la 7 litaziweka wapi? Zikipotea kimyakimya bodi ikaenda kiwandani hivyo, ni hasara kuliko faili kukataa kufunguka. Basi angalau la zamani lingefungua kwa kutazama tu, bila kusevu, ningemwonyesha kijana kosa lake siku ileile. Wiki hii naweka 9 kwa laptopu yangu ya RAM ya GB 4, na ile 7 siifuti.