Akienda Uwanjani, Maji Atachota Nani?

Swali hilo nililisikia kwa mama mmoja wa Kilifi, kijiji cha ndani, mbali na barabara ya Malindi. Kocha, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekuja kumwombea ruhusa mtoto wa miaka 13 ajiunge na timu ya soka ya wasichana. Mama hakufoka. Alinyoosha kidole kwenye dumu la manjano lililokuwa mlangoni, akauliza: "Akienda uwanjani, maji atachota nani?"

Watetezi wa soka ya wasichana humtaja mama kama huyu kuwa kizuizi, mtu wa mila anayehitaji kuelimishwa. Mimi naona alikuwa anajua hesabu kuliko wengi wetu. Saa kumi jioni ya msichana ina mwenyewe. Kuna maji, kuni, mdogo wake wa kubebwa. Ya kaka yake haina mwenyewe: akitoka shule anatupa begi, anapotelea uwanjani, na hakuna anayeitwa kikao.

Wanaopinga wana hoja zaidi ya hiyo. Jioni huingia giza upesi na njia za kwenye minazi ni ndefu. Wapo makocha wanaume waliowageukia wasichana waliokabidhiwa kuwalea. Na huku kwetu Pwani, ambako disco matanga, zile ngoma za usiku za msibani, zimelaumiwa miaka na miaka kwa mimba za watoto wa shule, mzazi akiambiwa "anatoka jioni" mpira si kitu cha kwanza kumjia akilini. Kisha kuna karo. Mradi wa mfadhili huja na jezi na njumu, hufunga virago, na karo ya sekondari inabaki palepale. Mpira haulipi karo. Hilo nalikubali lote.

Kosa la watetezi ni kujibu kwa kutaja nyota. Oktoba 2024 Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA katika ngazi yoyote, wakaifunga Mexico 2-1 kule Jamhuri ya Dominika. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Lakini ukimwambia mama wa Kilifi kwamba mwanawe huenda akafika huko, unamuuzia bahati nasibu. Faida ya mpira iko kwenye kitu kidogo kuliko kombe: daftari la mahudhurio.

Shirika la Moving the Goalposts limekuwa Kilifi tangu 2001, na wasichana wenyewe ndio marefa, makocha na watoaji wa huduma ya kwanza. Wao ndio wanaokaa chini baada ya mazoezi kuzungumza na wenzao juu ya hedhi, mimba na ukimwi. Tazama maana yake. Katika darasa la watoto sitini, msichana akikosa siku tatu anaweza asiulizwe na mtu. Timu ya watu kumi na mmoja haiwezi kutomkosa. Beki wa kushoto hayupo, mechi inaharibika. Kwa hiyo jioni ile ile wenzake wawili wanafika kwao kuuliza kulikoni.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta wasichana 18 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kupata mimba. Ule wa 2022 ulikuta 15. Tarakimu hiyo ya 15 hainitoki kichwani. Ukizipanga timu mbili uwanjani pamoja na wachezaji wa akiba, ni wanne au watano kati ya wale unaowatazama. Sisemi mpira ndio ulioishusha, na anayesema hivyo amezidisha. Nauliza tu mambo haya huanzia wapi. Hayaanzii darasani. Huanzia katika zile saa kati ya kengele ya mwisho na usiku, siku msichana alipokosa sodo akabaki nyumbani, siku alipopewa lifti ya bodaboda bila nauli. Ni saa ambazo shule imekwisha kumwachia na nyumbani hajafika. Sera ya kumrudisha shuleni aliyejifungua tunayo tangu 1994, na ya sodo za bure tangu 2017 ni sheria kabisa. Lakini sera haiendi kubisha hodi. Anayebisha ni yule mshambuliaji mwenzake.

Ndiyo maana nasema saa ya mazoezi ilindwe, na ilindwe kwa masharti ya wazazi: kocha awe mwanamke, filimbi ya mwisho ilie kabla ya magharibi, anayetaka kucheza na hijabu acheze nayo, kwani FIFA yenyewe iliruhusu tangu 2014.

Yule mama alikubali kwa sharti lake mwenyewe: dumu liende na mtoto. Nilifika uwanjani wiki ile. Nyuma ya goli palikuwa na safu ya madumu ya manjano, nikahesabu kumi na manne. Filimbi ilipolia, kila mmoja alichukua lake, wakateremka bombani pamoja, jezi zimelowa jasho, wakibishana kuhusu penalti. Kaka zao walikuwa uwanja wa juu, bado wanacheza.