Kununua umeme Ethiopia hakulifanyi Bwawa la Nyerere kuwa bure

Machi 2025, Rais Samia aliposema akiwa Kilimanjaro kwamba Kanda ya Kaskazini itapata umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, wengi waliwaka. Tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Iweje tukanunue nje? Hasira hiyo naielewa, maana mgao wa umeme umetutesa miaka nenda rudi. Lakini siiungi mkono.

Umeme wa bwawa hilo, lililoko mto Rufiji, unatoka kwa msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze. Kuanzia hapo kuelekea Hale, Same na Moshi unategemea njia kongwe ya kilovolti 132. Msongo ukiwa mdogo na safari ikiwa ndefu, umeme mwingi unaishia kuwa joto kwenye nyaya, na volteji inashuka. Kwa hiyo mtu wa Mwanga ambaye taa zake zinafifia saa mbili usiku hata akiongezewa mashine ya kumi Rufiji hatapona. Anachokosa ni njia.

Tangu Desemba 2024 gridi yetu imeungana na ya Kenya kwa njia ya kilovolti 400 ya Singida hadi Isinya, na hapo ndipo bwawa linapopata kazi ambayo watu hawaizungumzii. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji yetu ya juu yalikuwa kama megawati 1,900. Mashine moja ya Rufiji ikizima ghafla, zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wote inaweza kuondoka kwa mpigo, na gridi ndogo ikiwa peke yake inaweza kuanguka nchi nzima. Ikiwa imeungana na majirani, pengo hilo linagawanywa. Nasi tunalipa fadhila: mashine za maji hufungua milango yake na kupandisha uzalishaji haraka, jambo ambalo mitambo ya Olkaria huko Kenya, inayotumia joto la ardhini, haikuzoea kulifanya.

Halafu kuna mvua, na kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua kubwa Juni hadi Septemba, wakati bonde la Kilombero, linakotoka sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, kumekauka. Kwetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei. Ukinunua wakati wao wamejaa, unatunza maji yako; wakipungukiwa, unawauzia. Waliopitia ukame wa 2006, bwawa la umeme la Mtera lilipokaukiwa, wanajua kutegemea mvua ya bonde moja kunaumiza kiasi gani.

Ninachokidai ni uwazi. Kila mwezi tuambiwe tumenunua uniti ngapi, tumeuza ngapi, na kwa bei gani. Na njia ya kilovolti 400 ya Chalinze hadi Dodoma, ambayo ni ya kuufikisha umeme wa Rufiji kwenye njia ile ya Singida, ifuatiliwe na wabunge kwa ukali uleule waliolifuatilia bwawa lenyewe.