Theresa Harris hakuzaliwa kufungua milango

Katika filamu ya Baby Face ya mwaka 1933, Barbara Stanwyck ni Lily, binti anayehudumia walevi kwenye baa ya magendo ya baba yake huko Erie, Pennsylvania. Theresa Harris ni Chico, mfanyakazi mweusi wa hapo hapo. Baba anataka kumfukuza Chico. Lily anamkatalia papo hapo: Chico akienda, na yeye anakwenda. Baadaye wawili hao wanadandia treni ya mizigo hadi New York, na Lily anapopanda ngazi za utajiri, Chico naye anavaa koti la manyoya. Mbele ya wageni ni mtumishi. Wakibaki peke yao, ni marafiki waliotoka mbali pamoja, na Harris anayaonyesha yote mawili kwa mabadiliko madogo tu ya sauti na macho. Akiimba St. Louis Blues, mimi humsahau hata Stanwyck, ambaye nampenda sana.

Harris alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1906, na aliingia Hollywood wakati filamu zilipoanza kutoa sauti. Mwimbaji kama yeye alipaswa kupata neema hapo. Kweli, Thunderbolt ya 1929 ilimpa wimbo. Lakini kinachoniuma ni Professional Sweetheart, ya mwaka ule ule wa Baby Face. Ndani yake yeye ni Vera, mtumishi wa mwimbaji wa redio anayeigizwa na Ginger Rogers, na inafika mahali Vera mwenyewe anaimba redioni badala ya bosi wake. Ni sehemu yenye uzito katika hadithi. Jina lake halimo kabisa katika orodha ya waigizaji.

Kisha zikafuata aproni nyingi. Mwaka 1938 alimhudumia Bette Davis katika Jezebel, na mwaka 1943 alikuwa mtumishi tena katika I Walked with a Zombie. Buck Benny Rides Again ya 1940 ilimpa nafasi ya kuimba na kucheza na mchekeshaji Eddie Anderson, na hapo anang'aa. Mwenyewe alisema waziwazi, angali kazini, kwamba rangi yake ilimfungia katika nafasi za watumishi.

Wapo wanaojibu kwamba ndivyo zama zilivyokuwa, tusizihukumu kwa macho ya leo. Siwakubalii. Nakala ya Baby Face isiyokatwa na wadhibiti wa maadili ya filamu ilipatikana mwaka 2004 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na kila mtu anaweza kumwona Chico alivyoandikwa: ana akili, ana ucheshi, ana rafiki anayemtetea. Aliandikwa Hollywood hiyo hiyo, katika zama hizo hizo, na watu waliolipwa na studio kubwa, Warner Bros. Kwa hiyo walijua namna ya kumwandikia. Waliamua tu kutoendelea.